Waya wa Koili ya Vepu: Kifaa Kwanza, Metali Baadaye

Anayeanza kusuka mwenyewe koili za vepu (sigara ya kielektroniki), yaani waya uliozungushwa unaopata moto na kugeuza kimiminika kuwa mvuke, hupewa majina ya nyaya kabla ya kupewa sababu. Huyu anamwambia Kanthal ndiyo waya wa watu wote, yule anaapa hakuna ladha nje ya Ni80, wa tatu anashangaa kwa nini hajahamia chuma cha pua. Wote watatu huenda wana haki, kila mmoja kwa kifaa chake. Waya huwashwa na betri yenye kikomo, kupitia chipu yenye mipaka yake au bila chipu kabisa, ndani ya atomaiza, sehemu inayobeba koili, pamba na kimiminika, yenye nafasi na njia yake ya hewa. Ukishavijua hivyo, metali tano zilizokuwa zikikuchanganya hubaki mbili, pengine moja.

Kwanza tazama kifaa kinaendeshaje koili. Viko vya kimekanika, ambavyo havina chipu: ukibonyeza kitufe, betri inamwaga kila ilicho nacho kwenye koili. Viko vyenye chipu vinavyofanya kazi kwa wati: unaweka wati 40, chipu inapanga volti yenyewe ili koili ipate wati 40. Na viko vinavyoweza pia kudhibiti joto. Hivi havina kipimajoto chochote ndani ya koili. Vinategemea tabia moja ya metali, kwamba ukinzani hupanda kadiri metali inavyopata moto. Chipu inasoma ukinzani wa koili ikiwa baridi, inaufuatilia ikiwashwa, na kwa hesabu inakisia joto.

Tabia hiyo ndiyo inayozigawa nyaya. Kanthal A1 ni aloi ya chuma yenye kromi kiasi cha asilimia 22 na alumini karibu asilimia 6, na ukinzani wake haubadiliki kwa kiasi cha maana ukipashwa hadi joto la kuvuta. Kwa udhibiti wa joto, basi, haufai hata kidogo: chipu haina cha kusoma. Ni80, yaani nikromu yenye nikeli asilimia 80 na kromi asilimia 20, hubadilika kidogo mno, na wanaoulazimisha kwenye udhibiti wa joto hupata matokeo ya kubahatisha. Chuma cha pua cha 316L hupanda kwa takriban 0.00092 ya ukinzani wake kwa kila digrii moja ya Selsiasi (namba hii ndiyo huitwa mgawo wa joto), titani karibu 0.0035, na nikeli tupu ya Ni200 karibu 0.006. Kwa hiyo Kanthal na Ni80 ni nyaya za wati. Ni200 na titani ni za joto tu, kwa sababu za usalama tutakazofikia. Chuma cha pua kinaingia kote kuwili, na kama kifaa chako kina hali zote mbili na hutaki kuweka roli nyingi nyumbani, hoja hiyo peke yake inatosha kukichagua.

Hakuna hata metali moja kati ya hizi iliyobuniwa kwa ajili ya vepu. Nikromu ilipewa hataza Marekani mwaka 1906 kwa jina la Albert Marsh, na kampuni ya Kanthal ilianzishwa mwaka 1931 huko Hallstahammar, Uswidi, na Hans von Kantzow. Hizo mbili zilitengenezwa kwa ajili ya tanuri na vifaa vya kupasha moto, mahali ambapo waya hukaa mwekundu kwa saa nyingi. Joto la kuvuta mvuke ni dogo kwao. Kinachoziharibu ndani ya atomaiza kwa kawaida ni uchafu wa kimiminika na mikono ya msukaji.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi huteleza. Chukua waya wa geji 26, wenye unene wa milimita 0.405. Mita moja ya Kanthal A1 ina ukinzani wa omu 11.3 hivi. Ni80 ina omu 8.5, 316L omu 5.8, titani kati ya 3.5 na 4, na Ni200 omu 0.74 tu. Suka koili ya mizunguko 6 kwenye fimbo ya milimita 3. Kila mzunguko unakula urefu wa kipenyo cha kati, yaani 3 jumlisha 0.405, mara 3.14: karibu milimita 10.7. Mizunguko sita ni milimita 64. Ongeza miguu miwili ya milimita 5 kila mmoja, unapata milimita 74. Zidisha na ukinzani wa kila mita: Kanthal inakupa omu 0.84, Ni80 omu 0.63, chuma cha pua omu 0.43. Ukiweka koili mbili zinazofanana kwenye deki moja (kitako cha atomaiza kinachofungiwa koili), gawa kwa mbili: 0.42, 0.31 na 0.22 kwa kufuatana. Ni200 ya umbo hilohilo, koili moja, ingekuwa omu 0.055.

Tazama namba ya mwisho huku ukifikiria kifaa cha kimekanika. Betri iliyojaa ina volti 4.2. Gawa kwa 0.055, unapata ampea 76. Hakuna betri ya 18650, ile ya lithiamu inayotumika kwenye vifaa vingi hivi, inayoruhusiwa kutoa mkondo huo. Inapata moto, inaachia gesi, na ikiwa bomba la kifaa halina matundu ya kutosha ya kupumulia, gesi hiyo inakuwa na nguvu ya mlipuko. Koili mbili za chuma cha pua kwenye mfano wetu zinavuta ampea 19.4, yaani zinagusa kikomo cha betri ya ampea 20 bila kubakiza nafasi yoyote. Koili mbili za Ni80 ni ampea 13.4, na za Kanthal ni 10. Kwa hiyo kwenye kifaa kisicho na chipu, Kanthal ni waya wa hekima zaidi kwa sababu moja rahisi: ukikosea mzunguko mmoja au miwili, bado uko salama. Pia usiamini namba kubwa iliyoandikwa kwenye ganda la betri bila kusoma ni ya mkondo wa kudumu au wa sekunde chache. Hesabu kwa mkondo wa kudumu, na usiwashe betri yenye ganda lililochanika hata kama mchaniko ni wa ukucha.

Kwenye kifaa chenye chipu hesabu inageuka. Mkondo unaotoka kwenye betri hautegemei tena ukinzani wa koili, unategemea wati ulizoweka na volti iliyobaki kwenye betri. Wati 60 kwa betri moja iliyoshuka hadi volti 3.2 ni ampea 18.75, na ukiongeza kinachopotea ndani ya chipu, tuseme sehemu moja ya kumi, unakaribia 21. Wanaofikiri kwamba ukinzani mkubwa unailinda betri kwenye kifaa cha namna hii wanajifariji bure. Kinachokuhusu ni kiwango cha chini cha ukinzani ambacho chipu inakubali, na vifaa vingi vitakataa kuwasha ukishuka chini yake.

Kwa mvuto wa kubana, ule wa kujaza mdomo kwanza kisha kifua, unataka ukinzani wa juu na wati chache. Geji 28, milimita 0.32, fimbo ya milimita 2.5, mizunguko 6: Kanthal inakaa kwenye omu 1.1, Ni80 kwenye 0.85, na 316L kwenye 0.59. Wati 10 hadi 12 zinaitosha koili hiyo. Namba ya wati haitoki hewani. Pima eneo la uso wa waya uliozungushwa (3.14 mara unene mara urefu), kisha ipe kila milimita ya mraba kati ya wati 0.15 na 0.25. Koili yetu ya geji 28 ina uso wa milimita za mraba 54 hivi, kwa hiyo kwa 0.2 inataka wati 11. Ile ya geji 26 ina 82, kwa hiyo wati 16. Ukipita sana hapo, pamba haiwahi kuleta kimiminika na ladha inageuka ya kuungua. Ukikaa chini sana, mvuke unakuwa mvivu na wa baridi.

Hapa tuifikie imani iliyoota mizizi, kwamba Ni80 "inawaka haraka" kuliko Kanthal. Kwa kifaa cha kimekanika ni kweli, ila si kwa sababu watu wanayoitoa. Kupasha waya mtupu wa koili yetu ya geji 26 kwa digrii 230 kunahitaji nishati ya jouli 6.2 hivi ukiwa wa Kanthal, na 7.2 ukiwa wa Ni80, kwa kuwa nikromu ni nzito zaidi kwa ujazo uleule. Kwa wati sawa, sema 16, Kanthal ndiyo inayotangulia: sekunde 0.39 dhidi ya 0.45. Sasa weka volti 3.7 moja kwa moja bila chipu. Kanthal yenye omu 0.84 inapata wati 16. Ni80 yenye 0.63 inapata karibu 22, na inafika kwa sekunde 0.33. Chuma cha pua kinapata karibu 32 na kuzipita zote. Basi kilichoongezeka ni umeme, wala si wepesi wa metali. Kwenye kifaa chenye chipu unaweza kupata uharaka uleule kwa kuongeza wati, au kwa kutumia waya mwembamba. Anayekuuzia Ni80 ya bei ya juu kwa hoja hiyo hajafanya hesabu.

Pale ambapo Ni80 inastahili sifa ni mkononi. Ni laini kuliko Kanthal, inafuata fimbo na kubaki pale ulipoiacha, haikurudii kama springi. Kwa anayesuka nyaya mchanganyiko, za kiini kilichozungushiwa waya mwembamba wa geji 36 au 38, tofauti hiyo inaonekana tangu dakika ya kwanza. Nyaya hizo zina uso mkubwa na hushika kimiminika katikati ya mizunguko yake midogo, ndiyo maana ladha inajaa. Gharama yake ni uzito: kama sufuria la chuma kizito, huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa, na zinataka wati nyingi kabla hazijaanza kazi. Katika hesabu ya ukinzani wa waya wa namna hiyo, hesabu viini tu. Waya wa nje ni mrefu na mwembamba mno, mkondo unaoupitia ni kidogo.

Titani na Ni200 ziliwahi kuwa nyaya za fahari, chipu za kwanza za kudhibiti joto zilipotegemea nikeli. Leo ni vigumu kuipendekeza Ni200. Ni laini hivi kwamba kuingiza pamba tu kunaipotosha koili, na ukinzani wake mdogo unaifanya iwe mtumwa wa kila skrubu iliyolegea. Titani ina usomaji ulio imara zaidi kuliko zote: ikiwa koili ina omu 0.26, kosa la omu 0.01 kwenye mguso wa skrubu linaipotosha chipu kwa digrii 11 hivi. Kosa hilohilo kwenye chuma cha pua chenye omu 0.43 ni digrii 25. Lakini titani haitaki kuwashwa ikiwa kavu hadi iwe nyekundu. Juu yake hujitokeza oksidi ya titani, ambayo ikiwa nene huwa unga mweupe usiotaka kuuvuta, na metali yenyewe, ikizidi moto, inaweza kushika moto wa kweli. Ni200 nayo usiichome ikiwa kavu. Ndiyo maana koili za nyaya hizi mbili husukwa kwa kuachanisha mizunguko, isigusane, kwa kuwa huwezi kuziwasha na kuzibana mpaka ziwake sawasawa.

Kwa Kanthal, Ni80 na 316L, kazi ya kuwasha na kubana ndiyo inayotofautisha koili nzuri na koili inayokera. Futa waya kwanza kwa kitambaa chenye spiriti, kwa sababu hutoka kiwandani na mafuta. Zungusha huku umeukaza, mizunguko ikigusana. Ingiza miguu, kaza skrubu mpaka zishike bila kuukata waya, kisha kata mabaki karibu kabisa na nguzo, kwani ncha inayochomoza ikigusa kofia ya atomaiza ni shoti. Soma ukinzani. Ukitofautiana na hesabu yako kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kuna mzunguko uliozidi, skrubu iliyolegea au waya usio ule ulioandikwa.

Weka wati 10 hadi 15 na uwashe kwa sekunde moja moja, bila pamba. Mara ya kwanza miguu huwaka kabla ya katikati. Mizunguko inayogusana ikiwa bado mitupu, umeme unakatiza kutoka mzunguko hadi mzunguko badala ya kufuata waya wote, na miguu pekee ndiyo inayobeba mkondo kamili. Zima, kwaruza koili taratibu kwa ncha ya kibano cha kauri, washa tena, bana kidogo ikiwa imezimwa. Metali inajivika oksidi, ya alumini kwa Kanthal na ya kromi kwa Ni80, na ngozi hiyo nyembamba inatenga mzunguko na mzunguko. Utaona rangi ikianza katikati na kuenea sawasawa hadi pembeni. Hapo imekubali. Chuma cha pua kifanyie hivyo kwa wati chache zaidi na usikiache kiwe chekundu kikali. Kibano cha chuma usikitumie koili ikiwa inawashwa. Na kwenye koili mbili, inayotangulia kuwaka ndiyo yenye ukinzani mdogo. Kagua miguu yake kama ni mifupi kuliko ya mwenzake.

Pamba ijaze koili kiasi cha kusuguana kidogo unapoivuta, bila kuipotosha koili. Ikikazwa mno kimiminika hakipiti, nawe unapata mvuto mkavu. Glisarini iliyounguzwa hutoa akrolini, inayokwaruza koo, na hakuna metali itakayokuokoa na hilo.

Udhibiti wa joto kwa chuma cha pua una utaratibu wake, na karibu kila lawama inatokana na kuuruka. Funga atomaiza kwenye kifaa ikiwa imepoa kabisa hadi joto la chumba, iache dakika kumi kama umetoka kuichoma, kisha kwenye menyu funga ukinzani wa msingi, yaani ule wa koili baridi, usibadilike. Chagua SS316 au ingiza 92 (yaani 0.00092) mahali pa mgawo wa joto, weka digrii 210, na wati za kupasha zaidi kidogo ya unazotumia kwenye hali ya wati. Koili ikisomwa ikiwa bado vuguvugu, chipu inachukua ukinzani mkubwa kama wa baridi, inangoja ukinzani uongezeke zaidi ya inavyopaswa, na pamba inaungua huku kioo kikionyesha digrii 210 kwa utulivu. Kinyume chake, skrubu ikilegea baada ya kufunga usomaji, ukinzani unaruka, chipu inadhani koili imeshika moto na inakata umeme kabla hujapata hata mvuke. Kabla ya kulaumu kifaa, kaza skrubu na usome upya. Jaribio la kuaminika ni la pamba kavu: weka kipande kisicho na kimiminika, washa kwa digrii 200 kwa sekunde chache. Kikibaki cheupe, usomaji uko karibu na ukweli. Kikigeuka kahawia, shusha mgawo au urudie kusoma ukinzani. Kisha kitupe kipande hicho na ufunge pamba mpya.

Kuhusu mwili, mambo mawili. Mwenye mzio wa nikeli, ambaye hereni au bizimu ya mkanda humtoa upele, aachane na Ni80 na Ni200, na ajue kwamba 316L nayo ina nikeli ya asilimia 10 hadi 14. Kwake Kanthal ndiyo njia, na akitaka udhibiti wa joto, chuma cha pua cha 430, ambacho kimsingi hakina nikeli, kina mgawo wa karibu 0.00138. La pili ni kwamba metali huhamia kwenye mvuke. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta nikeli, kromi na risasi kwenye mvuke kwa viwango vikubwa kuliko kwenye kimiminika ambacho hakijagusa koili. Hakuna waya unaoifuta hatari hiyo. Kuipunguza kunawezekana: usivute koili inayobanduka maganda, usirudishe kazini koili iliyokuwa nyekundu kavu mara nyingi, na usizamishe koili nyekundu kwenye maji ili isafike haraka, maana mshtuko wa joto unaidhoofisha ngozi ya oksidi. Vimiminika vitamu huacha masizi meusi ndani ya siku chache. Kuchoma taratibu kunayatoa, lakini yakirudi upesi, suka nyingine. Waya ndiyo sehemu ya bei ndogo kuliko zote katika kazi hii.

Limebaki suala la roli iliyopoteza lebo, au yenye lebo usiyoiamini. Anza na sumaku. Kanthal inavutwa, Ni200 inavutwa, chuma cha 430 kinavutwa. Ni80 na titani hazivutwi, na 316L haivutwi au inavutwa kwa shida sana baada ya kukunjwakunjwa. Kisha pima mita moja kamili ya waya kwa multimita (kipimo cha umeme), ukitoa kwanza ukinzani wa nyaya za multimita yenyewe, ambao unaupata kwa kugusanisha ncha zake. Kwa geji 26, waya unaovutwa na kusoma omu 11 ni Kanthal, kwa 4.7 hivi ni 430, na chini ya omu moja ni nikeli. Usiovutwa na kusoma 8.5 ni Ni80, 5.8 ni 316L, na chini ya 4 ni titani. Unene uhakikishe kwa vernia (kipimo cha unene) kabla ya yote, kwa kuwa geji 28 ya Ni80 inasoma omu 13.5 na inaweza kukudanganya ukidhani ni Kanthal ya geji 26 iliyokonda kidogo. Namba zikigongana na sumaku, roli hiyo itumie kufungia mimea bustanini.